Mfereji Niliouchuna Ngozi

Sogea karibu unisikilize, wewe uliyeripoti kazini mwezi huu na bado unajiuliza kwa nini mtu mzima anaajiriwa kutembea kando ya maji. Mimi pia nilijiuliza hivyo. Sasa nimestaafu, magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na nataka kukuandikia kabla sijasahau nani alinifundisha nini. Sitakusimulia nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili niliendelea kushika jembe lile lile.

Nianze na mfereji wenyewe, kwa sababu watu wengi wa Kitale huupita kila siku bila kujua wanapita nini. Unaanzia kwenye kijito cha juu, pale penye ukuta mfupi wa mawe na lango la mbao. Kutoka hapo unafuata ubavu wa kilima, unapita katikati ya mikaratusi na nyuma ya nyumba za watu, chini ya madaraja manne madogo, hadi kwenye bwawa lililo mbele ya kinu cha zamani. Ukitembea pole pole ni mwendo wa saa moja. Ulichimbwa kwa majembe ya mkono enzi za walowezi, ili maji yazungushe gurudumu la kusaga mahindi. Kinu kilikufa zamani, gurudumu limebaki kutu tupu, lakini mfereji na kingo zake vikawekwa kuwa bustani ya umma. Hakuna tiketi. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayesubiri dawa huja kukaa hapo. Wanafunzi husomea hapo. Kwaya hupigia picha hapo, zikiwa na sare za rangi ambazo sitazitaja.

Siku yangu ya kwanza nilivaa gambuti mpya. Nilikuwa nimeolewa Kitale kutoka Misikhu, upande wa Bungoma, na kazi hii niliipata kama kibarua cha miezi mitatu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ndiwa, msimamizi wa mfereji, mtu mwembamba wa Mlima Elgon aliyeongea kama mtu anayelipia kila neno. Alitazama miguu yangu.

"Vua hizo."

"Kuna baridi, Mzee."

"Maji ndiyo ina baridi. Wewe vua."

Nikavua. Akaniingiza mferejini hadi magotini, naye akaingia mbele yangu, tukaanza kutembea kufuata maji.

"Umetoka wapi, mama?"

"Misikhu."

"Huko mko na mto. Mto inajiendea yenyewe. Hii yetu haijui njia. Lazima isindikizwe kila siku mpaka nyumbani."

Sasa nikueleze alichokuwa akinifundisha, maana yeye hakueleza kitu. Alitembea tu nami nikatembea. Chini ya mfereji mzima ni laini na panateleza. Mahali panapovuja, mguu husikia tofauti: udongo unakuvuta kidogo, kama mtu aliyekushika soksi. Macho hayawezi kuona hilo, kwa sababu juu maji yanaonekana yametulia. Tulipofika daraja la pili nilisimama nikasema, "Hapa pananivuta." Mzee Ndiwa akarudi, akakanyaga pale pale, akaitikia kwa kichwa mara moja. Hiyo ilikuwa sifa. Sikupata nyingine hadi mwaka wa tatu.

Aliyetoboa pale alikuwa fuko. Ukiona kichuguu kidogo cha udongo mbichi upande wa chini wa ukingo, usikipite. Fuko akichimba kutoka shambani kwa watu hadi kwenye ukingo wetu, maji yatafuata shimo lake, na kufikia asubuhi utakuwa na mto mdogo katika mahindi ya jirani na jirani mwenyewe langoni. Huku kwetu kutega fuko ni ufundi wa kweli: waya, kijiti kilichopindwa, na subira. Mzee Ndiwa alitega kwa dakika tano. Mimi ilinichukua mwezi kuacha kutega kidole changu.

Vifaa ni vichache na vyote vina sababu. Mbao za lango huinuliwa moja moja, kamwe si zote kwa pamoja. Kwenye kila daraja kuna nguzo yenye misumari mitatu: maji yakigusa wa chini, kuna shida, wa kati, nenda kanywe chai, wa juu, kimbia ukaongeze mbao langoni. Sepetu ni ya ukingoni. Chini ya maji hutumika reki ya mbao tu. Mzee Ndiwa aliichonga mwenyewe, meno butu kama ya ng'ombe mzee. Hakuniambia kwa nini si ya chuma. Nilidhani ni umaskini wa stoo.

Yeye alipostaafu alirudi kulima huko Kwanza, nje ya Kitale, nami nikaachiwa mfereji pamoja na Barasa, askari wa lango la bustani. Barasa ni mtu wa Bungoma kama mimi, mcheshi, mwenye maoni juu ya kila kitu isipokuwa kazi yake.

Miaka ile ndipo nilipoanza kusikia neno "ufukiwe". Lilianza kwa upole. Watu wenye viatu safi walikuja wakasimama juu ya daraja la nne, wakaonyeshana bwawa kwa vidole. Pale pangetosha maegesho ya malori ya mahindi, walisema, na vibanda kandokando. Mmoja wao aliniambia, kana kwamba ananifanyia hisani, "Mama, huu ni mfereji wa mkoloni. Tunatunza wa nini?"

Nilimpeleka mahali ambapo ukingo umekatwa kwenye mwamba laini, upande wa daraja la kwanza. Ukipitisha mkono pale unasikia makovu ya majembe, mamia, moja juu ya jingine. Nikamwambia, "Jina lililo kwenye chuma cha kinu ni la mwenye shamba. Haya hapa ni ya wazee wetu. Mlowezi hakushika jembe hata siku moja. Baba yake Mzee Ndiwa alikuwa mmoja wa waliochimba hapa, na alipomaliza hakuruhusiwa kunywa maji yake. Leo mjukuu wake anakaa ukingoni bure anakula mandazi. Unataka kumfukia nani hapo?"

Akasema atalifikiria. Wanaosema hivyo huwa hawarudi peke yao.

Sasa inakuja sehemu ya kosa langu, na naomba uisome pole pole, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Tuliambiwa kuna mgeni wa heshima anakuja kuona bustani. Sisi tuliolelewa katika nyumba za udongo, mgeni akitangazwa tunajua la kufanya. Uwanja unafagiwa mpaka alama za ufagio zionekane. Jani moja likianguka ni aibu ya familia. Mimi ni mtoto wa Misikhu, nilifagia uwanja wa mama yangu kabla sijaweza kuhesabu hadi ishirini. Nikatazama chini ya mfereji, pale mgeni atakapotembea, kutoka daraja la tatu hadi bwawani, hatua kama mia tatu hivi. Chini kulikuwa na tope jeusi, linalonata, lenye harufu ya majani yaliyooza. Nikaona aibu.

Tukafunga lango la maji siku tatu. Nikaomba vibarua, nikatoa reki mpya za chuma na majembe stoo, tukakwangua. Tulikwangua tope lote jeusi, na chini yake tukakuta udongo wa kijivu, mgumu, nao tukauona ni uchafu wa zamani, tukaukwangua pia. Tukaendelea mpaka ukatokea udongo mwekundu, msafi, unaong'aa. Tope lile tukalimwaga kwenye vitanda vya maua. Mgeni alikuja, akasimama darajani akasema hajawahi kuona mfereji msafi kama ule. Watu wakapiga makofi. Nilipiga picha, ninayo kwenye simu mpaka leo. Huwa naitazama ninapojiona nina akili sana.

Tulirudisha maji siku ya pili yake. Yalifika daraja la tatu vizuri. Hayakufika bwawani.

"Mama Nekesa," Barasa aliniambia asubuhi hiyo, na Nekesa ni binti yangu mkubwa, "maji imepotea. Nimeangalia hata chini ya daraja."

"Maji hayapotei, Barasa."

"Si uje uone basi. Yanatoka daraja la tatu yakiwa mengi, yanatembea kidogo, yanaingia chini kama pesa ya mshahara."

Ilikuwa kweli. Ule udongo mwekundu uliyameza. Wiki nzima niliongeza maji, na wiki nzima uliyameza. Bwawa likapungua, likawa tope, tope likapasuka. Jirani wa chini akaja kulalamika kwamba choo chake kimejaa.

Wenye viatu safi walipata habari kabla sijawaambia wakubwa wangu. Haikupita wiki, akaja mkaguzi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na nataka uelewe hivyo, kwa sababu adui wa mfereji huu mara nyingi ana adabu. Alikuwa na fomu. Alitembea hadi bwawani, akapiga picha za nyufa, akakaa kwenye ukuta akajaza. Kisha akanipa kalamu.

"Ni utaratibu tu, Mama. Msimamizi anatia sahihi hapo chini."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba mfereji umekauka na hauwezi kurekebishwa. Nikaelewa kwamba nikitia sahihi, bustani haitakuwa na sababu ya kuwapo, na malori ya changarawe yatakuja kujaza bwawa kisha yafuate mfereji kwenda juu.

"Leo hauna maji," nikamwambia. "Hayo nakubali. Lakini hapa umeandika hauwezi kurekebishwa. Nani amejaribu?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nimeajiriwa tu. Sitii sahihi."

"Unajua wanaweza kukuhamisha? Hata Bungoma."

"Bungoma ni nyumbani. Watakuwa wamenisaidia nauli."

Barasa akacheka kwa sauti, nikamkanyaga mguu. Mkaguzi akakunja fomu. Akasema kamati itakuja Jumatano, wiki mbili zijazo, ione kwa macho. Maji yakiwa bwawani siku hiyo, mambo yataishia hapo. Yasipokuwepo, wataendelea bila sahihi yangu.

Nilikwenda Kwanza siku iliyofuata. Nilimkuta Mzee Ndiwa na mkewe wameketi juu ya turubai wakipukuchua mahindi kwa mikono. Nikakaa nao, nikachukua gunzi, nikapukuchua huku nikisimulia. Nilipofika kwenye udongo wa kijivu, mikono yake ilisimama.

"Hiyo ya kijivu mlitoa?"

"Tulitoa, Mzee."

"Yote?"

"Mpaka mwekundu."

Mkewe akasema kwa Kisabaoti kitu ambacho sikukielewa, na nashukuru.

"Umeuchuna ngozi," Mzee Ndiwa akasema. "Ile ya kijivu ni mfinyanzi. Wazee walileta na karai, wakakanyaga na miguu, na ng'ombe ikakanyaga. Hiyo ndiyo inashika maji. Na tope nyeusi ndiyo inafunika mfinyanzi isipasuke. Sasa umevua yote mbili."

"Mbona hukunikataza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikukataze? Ningekuambia pia usiweke moto kwa paa?"

Kwa hiyo ndiyo sababu ya reki ya mbao, mwanangu. Huzoa majani, haigusi ngozi. Mimi nimekueleza kwa maneno ili usije ukalaumu ukimya wa mtu kama nilivyolaumu mimi.

Mzee Ndiwa hakuweza kuja, mguu wake ulikuwa umevimba. Lakini alinitajia mahali pa mfinyanzi, juu karibu na lango, ukingo wa kijito. Nilimuuliza nani anajua kuukanda siku hizi. Akasema wote aliowajua wamekufa.

Nikiwa njiani kurudi nikatambua kwamba si kweli. Alikuwa akifikiria wanaume waliochimba mfereji. Mimi nilikuwa nimezaliwa katikati ya watu wanaokanda udongo.

Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye kwetu huitwa Senge, ni Senge Naliaka wa Misikhu. Amekandika nyumba za watu tangu usichana wake. Anajua udongo upi utashika ukutani na upi utaanguka mvua ya kwanza. Nikampigia simu nikamweleza. Akaniuliza swali moja.

"Nyumba yenyewe inalala au inasimama?"

"Inalala, Senge. Ni mfereji."

"Basi ni rahisi. Ukuta ndio hutaka kuanguka."

Alikuja Jumatatu na wenzake kumi na moja wa kikundi cha kanisa, juu ya lori lililokuwa likirudi tupu kuchukua mahindi Kitale. Kila mmoja alikuwa na karai lake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua mfinyanzi wa kijitoni, akautemea mate, akausokota uwe kama kamba, akauzungusha kwenye kidole. Haukupasuka. "Huu," akasema. Wa upande wa pili wa kijito ulipasuka, akautupa na kufuta mkono kwenye suruali ya Barasa.

Nakueleza tulivyofanya, uandike. Kwanza tulilowesha udongo mwekundu, tukauparua kidogo ili mfinyanzi upate pa kushika. Mkokoteni wa punda ukawa unaleta mfinyanzi kutoka juu. Tuliumwaga chini, tukaunyunyizia maji, tukaukanyaga kwa visigino, bega kwa bega, tukienda mbele na kurudi nyuma, mpaka hewa yote iishe ndani yake. Ukikanyaga na udongo unatoa sauti ya kubusu, bado una hewa. Ukinyamaza, uko tayari. Unene wa kiganja kilichosimama. Kisha tabaka la pili juu yake kabla la kwanza halijakauka. Akina mama waliimba, na watu wa mtaani waliokuja kutazama tuliwavua viatu tukawaweka mstarini. Alikuwepo mwalimu, alikuwepo muuza simu, walikuwepo wanafunzi wawili walioniambia "Mathe, hii ni gym ya bure." Ng'ombe wa kulima wa jirani wa choo walikanyaga sehemu ya bwawani. Choo chake kilikuwa kimeanza kukauka, na alikuwa amelainika.

Mwishowe tulihitaji tope jeusi la kufunika. Hapo ikabidi tuchimbe vitanda vya maua.

"Maua imenona," Barasa akasema akishika sepetu, "mfereji imekonda. Mgeni akirudi tutamwonyesha nini?"

"Tutamwonyesha wewe."

Tulimaliza Ijumaa ya wiki ile ile. Jumamosi nilifungua ubao mmoja.

Hapa sikiliza vizuri kuliko pote. Mfinyanzi mpya unataka kunywa kabla ya kubeba. Ukiyaleta maji kwa nguvu, yatauchana kama karatasi iliyolowa. Ukiyaleta pole pole, utavimba, utajifunga wenyewe. Kwa hiyo ni ubao mmoja tu, na unasubiri. Jumapili maji yalifika daraja la tatu. Jumatatu yalitembea hatua kama sabini. Jumanne jioni yalikuwa katikati, yamesimama kama yamechoka, na kamati ilikuwa inakuja saa nne asubuhi ya kesho yake.

Barasa alinijia akiwa na funguo za lango la maji mkononi. Safari hii hakutania.

"Mama, fungua mbao zote. Usiku mmoja tu. Wakifika waone maji, waende, kisha tufunge."

"Yatafika kesho, na keshokutwa hayatakuwepo tena."

"Keshokutwa si hawatakuwepo pia?"

"Mimi nitakuwepo, Barasa."

Nakiri kwako kwamba nilizishika funguo zile kwa muda. Nilikuwa nimeharibu mfereji mara moja kwa ajili ya macho ya mgeni. Nikatia funguo mfukoni, nikaenda nyumbani, na ubao ukabaki mmoja.

Jumatano saa tatu lori la changarawe lilikuwa tayari limesimama kando ya bwawa, injini ikiunguruma. "Hilo rori limekuja mapema kuliko kamati," Barasa akasema. "Mazishi ina haraka." Nilikwenda kuangalia maji. Yalikuwa yamebakiza hatua kama hamsini.

Niliporudi, Senge Naliaka alikuwa ameshuka ndani ya bwawa kavu. Alikuwa ameweka kigoda chake katikati kabisa, amekaa, kitambaa cha kanisa kichwani, sufuria ya githeri miguuni. Wenzake wakashuka mmoja mmoja, wakakaa chini wakamzunguka, wakaanza kupakua.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mama, mko sawa hapo?"

"Tuko sawa, mwanangu. Umekula?"

"Nimeambiwa nimwage hapo."

"Mwaga basi. Anza na mimi, mimi ndiye mzee."

Dereva akazima injini. Baadaye alishuka akaletewa sahani. Nilimsikia akisema yeye humwaga changarawe, hamwagi mashangazi za watu.

Kamati ilifika saa nne na nusu, watu watano, na mkaguzi wangu nyuma yao na fomu. Mwenyekiti wao alitazama bwawa, akatazama akina mama, akaniuliza kama hayo ndiyo maji niliyoahidi.

"Yako njiani, Mheshimiwa. Naomba msubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yafike. Mmepanga kuufukia kwa miaka, hamwezi kukosa saa moja."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema yeye si mtu wa kusubirishwa na mfanyakazi. Nikamwambia, kwa heshima yote niliyokuwa nayo asubuhi ile, kwamba mfereji huu una ngozi mpya, kwamba ile ya kwanza niliichuna mimi mwenyewe kwa ujinga na niko tayari kuandika hivyo kwa mkono wangu. Lakini kosa langu haliwapi watu wengine ruhusa ya kuzika kitu kilicho hai. Kama wanataka kuondoka waondoke, ila wasiseme waliona mfereji uliokufa. Waseme hawakungoja.

Wawili walikwenda kukaa kwenye gari. Mwenyekiti alibaki akitazama saa yake. Mkaguzi alipanda ukingo akaanza kutembea kwenda juu, taratibu, akitazama chini. Baada ya muda nikamwona anarudi kinyumenyume.

Maji hayakuja kwa fahari. Mbele yalisukuma majani makavu, povu la kahawia, na ndara moja ya buluu. Yalikuwa na kina cha kidole. Yalifika kwenye mdomo wa bwawa, yakasita, yakashuka. Akina mama walinyanyua sahani zao wakaondoka mmoja mmoja. Senge Naliaka hakuondoka. Maji yakamzunguka, yakapita kwenye miguu ya kigoda, yakalowesha pindo la gauni lake, naye akawa anatafuna githeri.

"Senge, toka sasa," nikamwambia.

"Bado. Mwite yule mwenye karatasi." Mkaguzi akasogea ukingoni. "Njoo hapa, mjukuu wangu. Vua viatu uingie, ushike gauni langu. Halafu uandike kama limekauka."

Aliingia. Sijui ni kwa adabu au kwa kushangaa, lakini alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia mbele ya mwenyekiti wake, akashika lile pindo la gauni akalikamua. Yalitoka maji. Hakuna aliyecheka isipokuwa Barasa na dereva wa lori.

Sikudanganyi kwamba tulishinda vita. Kamati iliondoka bila kuniaga. Bwawa lilichukua siku tisa zaidi kujaa, na karibu na daraja la nne kuna mahali ambapo panavuta mguu mpaka leo. Nenda ukapasikie mwenyewe. Lori liliondoka na changarawe yake. Wenye viatu safi wamerudi tangu hapo, mara wakitaka simiti, mara wakitaka mabomba, na watarudi tena ukiwa wewe ndiye msimamizi. Usiogope wanapokuja. Wape chai. Watembeze. Wengi wao hawajawahi kuelezwa kitu pole pole na mtu asiyetaka kura zao.

Ila kuna jambo moja sikulijua siku ile nilipokataa kalamu, na aliyenifundisha ni yule mkaguzi mwenyewe. Alipokuwa akivaa soksi zake ukingoni, miguu imejaa mfinyanzi, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, unajua ungeweza kutia sahihi? Juu ya mstari kuna nafasi ya maelezo ya msimamizi. Hakuna anayeijaza. Ukiandika hapo, hawawezi kusema hukuwepo."

Kwa hiyo fomu ikiletwa tena, usiikatae kama mimi. Ipokee, uende nayo kwenye kila daraja, usome maji yamegusa msumari gani, uandike hayo kwa wino katika nafasi yako pamoja na tarehe na saa. Kata kwa mstari mmoja neno lolote lisilo la kweli, kisha ndipo utie sahihi.